Birika Uliloagiza

Mzazi mwenzangu,

Watoto hawajambo, na kitindamimba ameota meno.

Jana mdogo wako alikuja. "Shemeji, kaka anaomba lile birika la udongo. Anasema chai ya kule haina ladha."

Si uongo. Udongo hunywa chai, na lile limekunywa yangu tangu unioe. Ndiyo maana nililisuuza kwa maji matupu siku zote.

Uliondoka na huyo mwanamke wako fundi cherehani bila hata kuniaga, leo unataka ladha yangu ikufuate huko? Nilimwambia shemeji arudi leo, nikalichemsha na sabuni ya unga mpaka povu likaingia kila kitundu.

Amelipokea, akalinusa. "Mbona linanukia hivi?"

"Nimelisafisha, shemeji, kwa heshima ya kaka yako."

Mnywe mshibe.

Mama watoto wako