Mshumaa wa Ghala la Chini

12 Septemba

Mdogo wangu Pua,

Hujambo huko kwenye baridi? Kifua je, kimeacha kukusumbua? Huku tuko salama. Mama anakula vizuri na bado anagombana na jirani, kwa hiyo ujue ana nguvu.

Nina habari. Baada ya kubeba masinia miaka yote hii, meneja wa hoteli amenikabidhi kabati zima la mvinyo. Shida ni wageni. Wamezoea mvinyo mzito wa nchi za jua kali, ule unaoganda ulimini kama jemu. Mimi nataka kuwaonjesha wa milima ya baridi, kama huo wenu. Wewe uko kwenye ghala lenyewe la mvinyo, na hiyo pua iliyokupa jina, hebu nifundishe kuchagua. Ila usijitie uprofesa.

Dada yako

27 Septemba

Dada mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona. Hongera kwa kabati! Mama msalimie, na jirani mpe pole.

Kwanza soma lebo, uangalie kiasi cha kilevi. Kikiwa kidogo, mara nyingi zabibu zilikua kwenye baridi, hazikupata jua la kujaza sukari. Halafu mwaka. Huku mvua ikizidi zabibu haziivi, na mvinyo unakuwa mkali mpaka meno yanauma. Mwaka ukiwa mzuri, ukali huohuo ndio raha yenyewe, kama kung'ata tofaa la kijani. Usiugandishe. Utoe kwenye friji mapema kidogo, la sivyo harufu inalala. Mpe mgeni pamoja na samaki, au chochote chenye mafuta.

Kazi naipenda. Ghala liko chini ya ardhi, na sasa hivi mvinyo mpya unachacha kwenye mapipa. Ukichacha unatoa hewa nzito isiyo na harufu, inatuama chini kama maji na kumkosesha mtu pumzi. Ndiyo maana Babu Pipa, mzee aliyenifundisha kazi, hashuki ngazi bila mshumaa, ameushika usawa wa goti. Moto ukififia tunageuka mbio, hakuna kuulizana. Usimwambie mama.

Mdogo wako, Pua

9 Oktoba

Mdogo wangu,

Mzima kweli? Mimi tangu nisome habari za huo mshumaa sina raha. Mama ananiuliza kwa nini sili.

Lakini somo lako limefanya kazi. Kuna daktari mmoja mbishi anakula kwetu. Nilimmiminia mwekundu wa baridi, ule mwepesi, pamoja na samaki. Akasema nimempa maji ya rangi. Akanywa tena, akaagiza chupa nzima. Nami nikaonja uliobaki. Jamani! Kama mtu kafungua dirisha asubuhi.

Meneja sasa anataka kreti la mweupe wenu kwa karamu ya Desemba, nami nimejitapa kwamba mdogo wangu ataonja na kuchagua pipa mwenyewe. Nakutumia na boksi la mishumaa yetu ya mezani, mipya. Usiiweke pambo.

Dada yako

20 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Mishumaa imefika, asante. Afya nzuri, labda usingizi tu.

Babu Pipa ameacha kazi, magoti yamezikataa ngazi. Msimamizi mpya hataki mishumaa, anasema moshi unaharibu mvinyo. Kusema kweli ana hoja. Nikishika mshumaa pua inajaa nta, siwezi kuonja chochote. Ameweka feni na kutugawia taa za kuvaa kichwani. Taa nzuri hizo, hazizimiki hata iweje.

Mvinyo wako nimeshaujua. Ni wa mwaka jana, mwaka mzuri ajabu, uko pipa la kona ya mwisho, chini kabisa, nyuma ya mapya yanayochacha. Utaringa nao mji mzima.

Pua

29 Oktoba

Mdogo wangu,

Salamu baadaye. Hiyo taa isiyozimika ndiyo inayonitisha! Mshumaa haukuwa wa kuonea njia, wewe. Na hewa hiyo umesema haina harufu, sasa pua yako itakusaidia nini?

Achana na pipa la kona. Niletee la karibu na mlango, likiwa baya nitajieleza kwa meneja. Kama lazima ushuke, shuka na mshumaa. Naogopa, na siwezi kumwambia mama ninachoogopa.

Dada yako

8 Novemba

Dada yangu mwoga,

Shikamoo. Naandika harakaharaka. Kichwa kinanigonga nikitoka kazini, ni uchovu. Feni imekufa, fundi anasubiriwa.

La mlangoni ni la mwaka wa mvua, siwezi kukuaibisha mbele ya wageni. Kesho nashuka kuonja la kona. Ili ulale usingizi, nitawasha mshumaa wako niuache juu ya ngazi, niwe nauona nikiwa kule chini. Hapo wewe umepata moto wako, na mimi nimebaki na pua yangu.

Mdogo wako

17 Novemba

Pua,

Si juu! Chini, usawa wa goti! Hewa inatuama, umeniandikia mwenyewe. Huko juu utawaka tu. Usishuke.

Dada

14 Desemba

Mdogo wangu,

Sijui nikusalimie vipi. Tangu ile barua yako ya haraka hujaandika.

Leo kreti limefika. Anwani imeandikwa na mkono nisioujua. Meneja alifurahi, akaniambia fungua tuonje. Nikafanya kama ulivyonifundisha, nikautoa kwenye friji mapema, nikaunusa kwanza. Nilipoonja, meno yakauma. Ni wa mwaka wa mvua, wa pipa la mlangoni. Meneja anasema si mbaya. Mimi nimeweka glasi chini, maana huu hukuuchagua wewe.

Chini ya chupa wameweka sweta lako na boksi langu la mishumaa. Imerudi yote isipokuwa mmoja. Huo nimeukuta umefungwa kwenye gazeti, kimebaki kisahani cha nta. Uliungua mpaka mwisho huko juu ya ngazi, mdogo wangu. Haukuzimika.

Mama yuko mlangoni anauliza kama umeandika. Nimemwambia bado.

Dada yako