Msichana wa Katuni Amefika Kwao

Mautuma, Jumamosi usiku, Agosti 1996

Bado nacheka peke yangu.

Kaka yangu Wekesa, mwenye chumba cha video, alikuwa ameapa kwamba watu wakianza kutoka atairudisha filamu yake ya karate. Katuni isiyo na vita, tena ya Kijapani, nani angeketi? Nilishika kipaza sauti nikaanza kutafsiri. Kijapani changu ni kile nilichofundishwa na mwalimu Mjapani wa kujitolea aliyeniachia kanda ya katuni hiyo, na hakitoshi.

Tukafika pale msichana anaporudi nyumbani baada ya kukosana na babake anayeugua kifua. Anafungua mlango, anasema neno moja tu. Nalijua, lakini Kiswahili chake... Nikasema, "Hodi."

"Hodi ni ya mgeni!" akanifokea Mama Naliaka, muuza mahindi. "Huyo amerudi kwao. Sema, 'Baba, nimefika.'"

Nikasema hivyo. Kabla sijatafsiri jibu la baba, chumba kizima kikamjibia: "Kuja ukule!"

Baba hakusema hivyo hata kidogo, lakini sikuwasahihisha.

Hakuna aliyetoka. Filamu ilipoisha, Mama Naliaka alibaki kwenye benchi.

"Sasa huyo msichana ataolewa na nani?"

"Imeisha, mama."

"Inaishaje na babake bado anakohoa?"

Nikamwambia nitamwandikia yule mwalimu nimuulize.

"Muulize," akasema, akijifunga leso vizuri. "Na umwambie wampikie mzee chai ya tangawizi."