Filamu ya Harusi Inaruka na Mama Mkwe Ameshika Nafasi Kwenye Lori

Mama Adija mpendwa,

Nakuomba msaada na nakuomba haraka, na kama utaisoma barua hii redioni katika kipindi chako cha Jumatano, tafadhali usitaje jina langu, kwa sababu mimi ni fundi wa kompyuta ninayejulikana hapa Kataki, mtaa wa Kalemie, na watu wananiletea mashine zao, lakini majina ya wengine hayana shida.

Nilioa mwaka 2015 kule Nyunzu, nikamuoa Éliane, binti wa Papa Pontien na Mama Kapinga, na harusi yetu ilipigwa video na mpiga picha aitwaye Urbain, aliyekuwa na kamera mpya ya HD, picha safi mpaka unaona jasho la padri, na Urbain akatoa nakala mbili, moja kwenye flash yetu sisi maharusi na nyingine kwenye diski ya wazazi, na wazazi wakaifungia ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda chao. Kisha vita ikafika Nyunzu. Watu wakakimbia, Mama mkwe akafika Kalemie kwa miguu na kwa baiskeli za watu, Papa Pontien hakufika, alikuwa amerudi nyumbani kuchukua mashine yake ya kushona, na waliomzika ni majirani. Sehemu hiyo sijui niiandike vipi, kwa hiyo naenda moja kwa moja kwenye kompyuta.

Hapa kwetu umeme unakuja unapopenda wenyewe, kwa hiyo nilitafuta kompyuta ndogo ya sebuleni, haina feni, haili umeme mwingi, nikaiunganisha na televizio, na vyote viwili vinatumia betri ya sola. Nilijisifu sana kwa mashine hiyo, nilisema inaweza kuonyesha kila kitu. Mama mkwe alipokaa kwetu wiki mbili akamwambia Éliane anataka kuona harusi, maana hana picha nyingine ya mume wake, hata ile ya kadi ya uchaguzi ilibaki nyumbani. Tukawasha. Kanisa lilienda vizuri, mahubiri yalienda vizuri, lakini baadaye picha ikaanza kurukaruka, na kwenye dakika ya arobaini na moja Papa Pontien anaingia ukumbini akicheza, anainua mguu, picha inakwama, muziki unaendelea, na picha ikirudi yeye amekwisha kukaa kwenye kiti anakunywa soda.

Mara ya kwanza Mama aliomba turudie. Mara ya pili akasema, "Éliane, ambia mukwe wangu, baba yako hakukaa haraka hivi. Miye nilikuwa pale. Alicheza mupaka mwisho wa wimbo."

Sasa, Mama Adija, wewe unajua desturi ya upande wa mke wangu, mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja wala hawatazamani usoni, kwa hiyo yeye akiwa sebuleni mimi nakaa koridoni nyuma ya pazia, na kila ninachotengeneza nakitengeneza kwa mdomo wa Éliane. Namwambia bonyeza pale chini, yeye anauliza chini wapi, Mama anauliza mukwe anasema nini, Éliane anamjibu hasemi kitu, na filamu inaendelea kukwama. Nilishauri tuanzie dakika ya arobaini, Mama akakataa kabisa. "Hatuwezi kuruka maombi ya padri," alisema, "ile njo kutafuta balaa ingine." Kwa hiyo kila siku tunaanza na kanisa, na kila siku Papa anafika ukumbini akiwa anakatika.

Nimejaribu yote, nimebadilisha kebo, nimefuta vumbi, nimeweka programu tatu za kuchezesha filamu, nimehamisha filamu kutoka kwenye flash mpaka ndani ya mashine, na bado prosesa inafika asilimia mia na picha inakwama palepale. Jambo la ajabu, Jumapili Mama akiwa kanisani nilijaribu peke yangu, na filamu ikaenda vizuri toka mwanzo mpaka mwisho, Papa Pontien akacheza wimbo mzima mbele ya macho yangu, sikuelewa, maana sikuwa nimebadilisha kitu chochote, isipokuwa nilikuwa nimeondoa kitambaa ili nione taa ya mashine. Kitambaa hicho ni cha kroshe, kizito, cheupe na njano, Mama mkwe alikifuma mwenyewe, ndiyo kazi ya kwanza aliyoshika tangu msiba, na siku alipokimaliza akaifunika nacho kompyuta ndani ya kabati la vioo, akamwambia Éliane, "Hii ni zawadi ya mukwe wangu. Alinipokea." Nilikirudisha kabla hajafika kutoka kanisani, nikapima pembe zikae kama alivyoziweka, maana zawadi ya mama mkwe haiondolewi na mkono wa mkwe. Pia mashine nimeiweka kwenye hali ya kubana umeme tangu mwanzo, ili betri ibaki na nguvu kwa ajili ya mechi za jioni, lakini nadhani hiyo haihusiki.

Sasa nafika kwenye kosa langu. Ijumaa iliyofuata Jumapili hiyo, Mama aliuliza kama filamu inakwama kwa sababu ya mashine au kwa sababu ya muntu, na mimi niliona haya, nikamwambia Éliane ajibu kwamba kosa ni la Urbain, aliharibu nakala yetu alipoitengeneza, kwa kuwa Urbain siku hizi yuko Moba na hawezi kusikia. Nilidhani maneno yamekwisha. Kisha nikamsikia Mama kupitia pazia, "Basi ile yetu njo nzima. Iko mu sanduku kule nyumbani. Nitaenda kuileta."

Amekwisha kushika nafasi kwenye lori la wafanyabiashara linalofuata msafara wa wanajeshi mpaka Nyunzu, linaondoka Alhamisi asubuhi, na lori lililotangulia lilirudi na mishale kwenye turubai. Éliane analia, anamwambia nyumba labda imechomwa, na Mama anamjibu kwamba sanduku ni la bati. Amefunga nguo zake na unga kidogo wa njiani, na ananiagiza salamu kupitia pazia, anasema nisiwe na wasiwasi, atarudi na filamu nzuri.

Mama Adija, naomba uniambie, ni programu gani ya filamu inayofaa mashine yenye nguvu ndogo, ili niiweke kabla ya Alhamisi?

Ni mimi, fundi mwenye wasiwasi.


Fundi,

Pole kwa kufiwa na baba mkwe wako. Pole hiyo inatoka moyoni, na sasa nimeiweka pembeni ili tuongee.

Uliomba nifiche jina lako, nimelificha. Lakini umetaja mke wako, wakwe zako wote wawili na mpiga picha wako, ukaongeza kwamba unatengeneza kompyuta Kataki. Nadhani kufikia hapa wateja wako wanapigiana simu. Hilo umejifanyia mwenyewe.

Kuhusu programu, nilimpa barua yako Germain, anayetunza mitambo ya studio yetu. Aliisoma akasimama, akasema hakuna programu itakayokusaidia wakati mashine imevikwa sweta. Filamu ya HD ni kazi nzito kwa kompyuta ndogo. Isiyo na feni inatoa joto lake kupitia matundu ya juu, na hayo ndiyo yaliyofunikwa, tena ndani ya kabati la vioo, tena Kalemie. Ikipata moto inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Ndiyo maana kanisani inaenda vizuri na ukumbini inakwama: padri anahubiri huku mashine inachemka, na Papa Pontien anaingia wakati imekwisha kuchoka. Na ile hali ya kubana umeme uliyosema haihusiki, inahusika sana. Umempa punda mzigo mzito na umemfunga miguu.

Kwa hiyo toa mashine kabatini, iwe wazi juu. Ondoa hali ya kubana umeme. Washa filamu saa sita mchana, jua likiwa kwenye sola. Katika programu yoyote kati ya hizo tatu, ruhusu kadi ya picha iliyo ndani ya mashine isaidie kufungua filamu, usimwachie prosesa peke yake. Mechi ya jioni utaisikiliza kwetu redioni, haijamuua mtu.

Haya yote yanachukua robo saa, na wewe uliyajua. Usinitazame hivyo. Fundi aliyeondoa kitambaa akaona filamu inaenda, kisha akakirudisha akipima pembe, anajua vizuri sana. Umeandika kurasa mbili ukizunguka kitambaa kimoja, kisha unaniuliza habari za programu.

Naelewa ilivyokuwa vigumu. Mwanamke amepoteza mume na nyumba, kazi ya kwanza ya mikono yake anakupa wewe, nawe utamwambiaje kwamba ndiyo inayomzuia kumuona mume wake? Ningekuwa wewe hata mimi ningekosa maneno. Lakini ungenyamaza basi. Wewe ulichagua uongo, ukamtwisha Urbain aliye mbali, na uongo huo sasa umemfungia Mama nguo na unga.

Unajificha nyuma ya desturi. Mimi ni mtoto wa Waislamu wa hapa ziwani, ya kwenu siyajui yote, kwa hiyo niliwauliza wazee wa Nyunzu waliokimbilia mtaa wetu. Wamenijibu kwamba desturi inakukataza kumtazama mama mkwe usoni. Haikukatazi kumwambia kweli. Na pazia lenyewe linakusaidia, hataona haya iliyo usoni pako.

Ukimaliza kunisikiliza, simama koridoni na useme hivi, wala usimtume Éliane: "Mama, miye njo nilikosa. Filamu ni nzima. Kitambaa chako ni kizuri, lakini kinaziba pumzi ya mashine. Naomba mutuchagulie pahali pengine pa kukiweka." Yeye mwenyewe atakiondoa kwa mkono wake, hapo desturi yako haijaguswa. Kisha umpigie simu Urbain umuombe msamaha, hata kama hajui ulimkosea nini. Mwambie.

Halafu muanze na kanisa, kama Mama anavyotaka. Usithubutu kuruka maombi.

Hayo ndiyo majibu yangu kwako. Tatizo ni kwamba nimekusoma vizuri, na naona kabisa utaanza kwa kubadilisha kebo. Leo ni Jumatano na lori ni kesho, sina siku ya kukungojea. Kwa hiyo sogea kidogo, nina neno na mtu mwingine hapo nyumbani kwako.

Mama Kapinga, kama redio inasikika hapo sebuleni, miye Adija nasema na weye. Ile filamu ya hapa Kalemie njo nzima. Urbain hakuharibu kitu. Mukwe wako alisikia haya kukuambia kama kitambaa kinapasha mashine moto, akasema uongo, na sasa iko koridoni anatetemeka, muache atetemeke kidogo. Papa Pontien anacheza wimbo muzima, mukwe wako alimuona Jumapili moja kwa macho yake. Kwa ile diski, hauna sababu ya kwenda Nyunzu.

Najua haikuwa diski peke yake. Unataka kuona pahali walimulaza, na hakuna muntu wa kukukatalia ile. Njia itafunguka, na siku ile mutaenda wote, weye, binti yako, na mukwe wako nyuma yenu hatua kumi kama inavyopasa. Kesho hapana. Toa jina lako mu lori, Mama. Éliane iko na baba ndani ya televizio. Usimuongezee na mama.