Maua Mabichi ndani ya Rezini

Rågsved, Juni

Kaka Herménégilde,

Pokea salamu zangu, umfikishie na wifi Alliance. Sisi huku tu wazima, na Inès amefunga shule. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Yale mawaridi makavu uliyompa Adrienne aniletee mwezi huu, uliyosema yalitoka juu ya jeneza la mama, nilitaka kuyahifadhi kwenye rezini, ile gundi ya chupa mbili inayoganda ikawa kama kioo. Nilifuata yote niliyoelekezwa dukani Farsta. Nilizitia chupa kwenye maji ya vuguvugu, nikakoroga polepole, nikapaka kila petali kwa brashi ili hewa isijifiche, nikamimina kidogo kidogo. Mapovu yalipopanda, niliyapasua kwa sindano, yakaja mengine. Asubuhi ua lilikuwa limejaa mapovu, petali zimekuwa kahawia.

Nilijilaumu, nikarudia. Ikawa vilevile. Inès, ambaye siku hizi hunijibu Kiswidi tu, alilichana ua lililobaki kwa kucha akasema, "Fukt, mamma." Unyevu. Nikaligusa katikati: bichi. Mama alizikwa Februari, kaka. Ua la Februari lingevunjika mkononi.

Nikampigia mama mdogo Concessa kule Gitega. Hakutaka kusema, nikambana. Akaniambia walikungoja mpaka padri akachoka, na nafasi yako kwenye jeneza akaishika jirani. Hukufika kabisa. Wala hapakuwa na waridi hata moja.

Mimi nilizuiwa na pasipoti. Wewe ulikuwa Bujumbura, safari ya asubuhi moja. Kisha ukanisimulia nyimbo, na mvua, na jinsi ulivyotupia udongo kwa mkono wako, nami nimekaa sakafuni jikoni nalia, nakushukuru. Hilo ndilo linalonichoma. Ungesema tu, "Nilishindwa kwenda," ningelia pamoja nawe. Badala yake ulikwenda kuchuma maua ya uani kwa mtu, ukayaita ya mama.

Pasipoti imetoka. Nakuja Agosti, na nitafikia kwa mama mdogo. Yeye ndiye atakayenipeleka kaburini. Usije kunipokea uwanja wa ndege. Ukitaka kuniona, njoo makaburini Gitega. Njia utaulizia, maana hujawahi kufika.

Wabusu watoto, wao sina ugomvi nao.

Dada yako,
Épiphanie