Kijiti Chekundu cha Kwihara

Jumamosi, 29 Novemba

Bustani ya tatu ninayoitazama kabla ya kupanda yangu. Ya kwanza ilikuwa ya Bi Sauda, jirani yangu hapa Mtendeni: mirehani kwenye madebe ya mafuta. Ya pili Goweko, mipapai kuzunguka bani la kukaushia tumbaku. Leo Kwihara, mimi na Bi Sauda, kwa Mama Kulwa, mwalimu mstaafu. Nimepima bustani yake kwa hatua: kumi na nne kwa tisa. Uwanja wangu ni kumi kwa saba. Utatosha.

Kichaka kimoja sijawahi kukiona. Hakina majani, vijiti vitupu, vyekundu kama makaa. Nilikitaka palepale. Nilitaka kuomba. Bi Sauda akanivuta kanga: “Shoga, mche wa kuomba haushiki. Vunja, twende.” Wanawake wengi mtaani kwetu wanaamini hivyo. Mama Kulwa alipoingia ndani kutuletea maji, nikavunja kijiti. Kikatoa maziwa. Mfenesi nao hutoa maziwa. Nikakifunga kwenye pindo la kanga.

Jumapili, 30 Novemba

Nilipanda kijiti karibu na mlango kabla ya misa. Kanga nikaitupia kambani bila kuifua. Kosa.

Mama yangu, ninayeishi naye, alinawa uso, akapapasa kambani, akajifutia kanga ile. Saa sita jicho limevimba. Saa kumi analia. Mama ana jicho moja tu. La kushoto lilikufa miaka mingi iliyopita kwa mtoto wa jicho. Hili la kulia ndilo analosomea Biblia, ndilo linalomfikisha chooni.

Nimelisafisha kwa maji. Nimemwambia labda ni vumbi.

Naogopa.

Jumatatu, 1 Desemba

Hospitali. Daktari aliuliza kama kuna kitu kimeingia jichoni. Mama akasema vumbi. Mimi nikanyamaza. Akatupa dawa ya matone na bandeji.

Kwa nini nilinyamaza? Aibu. Mwanamke wa umri wangu, padri ananijua, nimeiba mche.

Bi Sauda alikuja kumpa pole. Mlangoni akaninong'oneza, “Mimi usinitaje.”

Jumanne, 2 Desemba

Mama halali. Nilifungua bandeji kuweka dawa. Jicho jeupe kama ukungu. Nikasogeza taa. Haoni taa.



Nikaenda kwenye kijiti, nikakichuna kidogo, nikapaka maziwa nyuma ya mkono. Baada ya muda pakawaka. Nikanusa. Harufu naijua tangu utoto. Mnyaa. Tumekua tukiambiwa usishike mnyaa ukagusa macho. Ua wa babu yangu wote ulikuwa minyaa. Lakini minyaa ya babu ilikuwa ya kijani. Sikujua kuna mwekundu.

Huenda nimempofusha mama yangu. Nimeiandika ili nisijidanganye.

Jumatano, 3 Desemba

Bodaboda hadi Kwihara asubuhi. Nilitaka kuwa na uhakika kabla ya kusema.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Mwizi wangu kumbe anajua njia ya kurudi.”

Aliniona dirishani siku ile. Ni mnyaa kweli, wa aina ya mapambo, jua ndilo linaloufanya mwekundu. “Ungeomba ningekukatia nimevaa mifuko ya plastiki mikononi, nikakwambia unawe. Au na wewe unaamini eti mche wa kuomba haushiki?” Nilipomweleza habari ya mama aliniitia bodaboda mwenyewe.

Nikamchukua mama, tukarudi hospitali. Nilimwambia daktari yote, mama akisikia. Wakamwosha jicho tena, muda mrefu. Dawa zimebadilishwa. Daktari hakuahidi kitu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Njiani mama alisema, “Nilijua si vumbi. Vumbi halinuki mti.”

Alhamisi, 4 Desemba

Hakuna mabadiliko. Matone kila baada ya saa mbili, nimeandika ukutani. Kijiti sithubutu kukigusa. Nimekizungushia miiba.

Ijumaa, 5 Desemba

Mama anasema maumivu yamepungua. Simwamini. Anasema hivyo ili nile.

Bi Sauda alikaa naye nikaenda sokoni. Niliporudi nilimkuta analia. Mama ndiye anayembembeleza.

Jumamosi, 6 Desemba

Wingu la jicho limepungua, daktari kasema. Bandeji itolewe kesho. Sijalala vizuri wiki nzima. Naogopa kesho kuliko jana.

Jumapili, 7 Desemba

Sikwenda misa. Mvua ilinyesha alfajiri, ikakatika. Nilimtoa mama bandeji, nikamkalisha kwenye kigoda mlangoni. Nilimwonyesha vidole, akasema nimwache kwanza. Nikaingia ndani kuchemsha chai.

Nikamsikia akiuliza mti gani huo niliouzungushia miiba, mwekundu hivyo, kama moto.

Nimerudi kwenye kurasa zangu, nikazisoma zote. Mama nilimweleza kila kitu. Rangi ya kijiti sikumwambia.