Kikohozi Nilichokificha

Jumanne, 4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umepata hata lepe la usingizi. Sisi hatujambo. Bibi anakusalimu, anauliza kama chakula unakula mwenyewe au unalisha wauguzi. Nguo za mdogo wangu Kitinda zimo mfukoni humu. Mlinzi wa geti la hospitali amekataa tena niingie. Anasema surua haina undugu. Je, vipele vimepungua?

Mwanao

Ijumaa, 7 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Vipele vya mdogo wako vinafifia, lakini tangu jana homa imepanda upya na kifua kinabana. Amewekewa oksijeni. Daktari anasema surua yenyewe huweza kushuka mapafuni, ila hii imekuja kwa kasi. Ameniuliza mara mbili kama nyumbani kulikuwa na mwenye mafua. Nimemwambia hapana. Soma, usilie.

Mama yako

Jumamosi, 8 Machi

Mama,

Shikamoo. Tafadhali mpe daktari barua hii hata kabla hujaimaliza.

Mwenye mafua alikuwepo. Ni mimi. Siku tatu kabla hamjalazwa nilikuwa na homa na kikohozi, kama wenzangu sita darasani. Nilijua sheria yako: anayekohoa hambebi Kitinda. Lakini alikuwa akiumwa, na mgongoni kwangu ndiko alikonyamaza. Nikawa nakoholea bafuni, bomba likiwa wazi. Bibi husema mapenzi na kikohozi havifichiki. Changu nilikificha.

Usinisamehe sasa. Apimwe kwanza.

Mwanao

Jumatatu, 10 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Daktari aliisoma amesimama, akaita watu wa maabara palepale. Mdogo wako ana virusi vya homa ya mafua juu ya vile vya surua. Amenieleza kwamba surua huidhoofisha kinga ya mwili, hivyo virusi vya pili vikija hukuta mwili umechoka, na mapafu huumizwa na vyote viwili. Dawa ya mafua alianzishiwa Jumamosi ileile. Ingefaa zaidi mapema, daktari amesema hivyo bila kunificha. Hajui mtoto aliyapata wapi mafua hayo. Hata wodini humu watu wanakohoa.

Nilikukasirikia. Bado kidogo. Ila barua yako imetuonyesha cha kutibu. Kama kitatibika, hatujui.

Mama yako

Alhamisi, 13 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Wiki nzima mdogo wako hakuwa na pumzi ya kulia. Leo muuguzi kamchoma sindano, naye akaangua kilio mpaka wa chumba cha pili wakagonga ukuta: "Jamani, mnyamazisheni huyo!"

Nimemwacha alie.

Mama yako