Maonyo ya Kwamboka

Jumapili, Keumbu, 1976

Karatasi ndefu kama shuka! Mjukuu wangu Kwamboka ameitoa kazini Nairobi. Anaandika maagizo ya kuiwezesha kompyuta kuendesha mashine ya kuchapa, na kila akiyatayarisha, kompyuta inamtolea maonyo kwenye karatasi kama hii.

"Hayadhuru, Magokoro," akasema, akiniita nyanya kwa Kikisii. " Mkubwa anataka kesho nitie sahihi kwamba maagizo yako sawa, kazi iishe."

"Kama hayadhuru, mbona umeyabeba mpaka kwa nyanya yako?"

Akacheka, kisha akakiri. Mengine anajua ni kelele tu, ila moja halielewi.

Marehemu mume wangu alisema kikohozi chake hakidhuru. Nikamwamini.

Nimemwambia asitie sahihi kabla ya kulielewa hilo moja, hata mkubwa avimbe kama chura. Ameikunja karatasi yake, akaondoka kurudi Nairobi.

Naogopa. Akifukuzwa kazi kwa sababu ya mdomo wangu, arudi hapa. Ndizi zipo, na mimi nipo.